Chura aliyekaa Marekani miaka kumi: bustani ya wanyama huokoa nini hasa?

Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura 499 walikusanywa kwenye korongo la mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, wakapakiwa na kusafirishwa kwa ndege hadi New York. Chura mkubwa kuliko wote hafikii sentimita 3, yaani pingili moja ya kidole gumba. Tanzania ilikuwa imetoka kwenye miaka ya mgao mkali wa umeme, na habari ya vyura kupanda ndege ilipofika vijiweni wengi walicheka. Wengine walikasirika. Hospitali hazina dawa, shule hazina madawati, na chura anakatiwa tiketi ya kwenda Marekani?

Hasira ile ilikuwa na haki yake, na hadi leo sijasikia wengi wakiijibu kwa utulivu. Ndani yake kuna swali kubwa kuliko chura mwenyewe: bustani ya wanyama ni ya nini? Kuna wanaoiita gereza la wanyama na kuna wanaoiita safina ya Nuhu. Majina yote mawili yana ukweli kidogo, na ndiyo maana mjadala huu hauishi. Kisa cha Kihansi kinatuonyesha ukweli huo unaanzia wapi na unaishia wapi.

Turudi kwenye maporomoko yenyewe. Mto Kihansi huteremka kutoka nyanda za juu hadi bonde la Kilombero, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Morogoro, na njiani hujitupa kwenye miamba mirefu. Kabla ya bwawa, maji yalianguka kwa kishindo kiasi kwamba upepo wake ulirusha manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi. Chini ya manyunyu hayo paliota majani mafupi na kuvumwani, udongo haukukauka hata siku moja, na hapo ndipo alipoishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hakuwa akiishi mahali pengine popote duniani. Makazi yake yote yalilingana na viwanja vichache vya mpira. Ni nadra sana kusikia mnyama mwenye uti wa mgongo akiwa na nchi ndogo namna hiyo.

Wanasayansi walimkuta mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa umeshaanza. Jina la kitaalamu walilompa, Nectophrynoides asperginis, limebeba neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu. Chura huyu hatagi mayai majini kama tulivyozoea kuona kwenye madimbwi, na hana hatua ya viluwiluwi wanaoogelea. Jike hubeba mimba na kuzaa vichura walio kamili, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba hivi kwamba watoto huonekana wakiwa bado ndani.

Mtambo wa Kihansi ulipowashwa, mwishoni mwa mwaka 1999 na kuendelea 2000, sehemu kubwa mno ya maji iligeuziwa kwenye handaki kwenda kuzungusha mashine zenye uwezo wa megawati 180. Maporomoko yakabaki mchirizi na manyunyu yakakata. Sitajifanya kwamba uamuzi wa kujenga ulikuwa wa kijinga. Taa iliyoniangazia nilipokuwa nikiandika makala haya inatoka kwenye gridi hiyo hiyo, na wodi ya wazazi inayopata umeme si jambo la kubezwa. Lakini gharama iliyolipwa korongoni haikuandikwa kwenye mita ya Luku ya mtu yeyote.

Kwa hiyo mambo mawili yalifanyika sambamba. Korongoni palifungwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga manyunyu ya zamani, na kiasi kidogo cha maji kikaachwa kiendelee kupita mtoni. Ng'ambo, bustani za wanyama za Marekani zikiongozwa na ile ya Bronx, mjini New York, zilipokea wale 499, wakawa akiba endapo korongo litashindwa.

Korongo likashindwa. Mwanzoni mabomba yalileta matumaini, na katikati ya mwaka 2003 vyura waliokadiriwa kuwepo walikaribia 20,000. Ndani ya miezi michache wakaanguka. Mapema mwaka 2004 watafiti waliotafuta kwa bidii waliwaona watatu tu. Watuhumiwa ni kadhaa. Kuvu aitwaye kitridi, ambaye ameangamiza vyura na jamaa zao katika mabara mengi, alikutwa kwenye mizoga. Yeye hushambulia ngozi, na chura hutumia ngozi kunywa maji na hata kupumua. Vilevile tope lililokuwa limejikusanya bwawani lilifunguliwa likashuka na maji kipindi hicho hicho, na palikuwa na hofu ya viuatilifu kutoka mashamba ya juu. Nani aliyepiga pigo la mwisho ni jambo ambalo wataalamu bado wanabishana. Mwaka 2009 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili ulimwandika chura wa Kihansi kuwa ametoweka porini.

Wakati huo vyura wote wa aina hiyo waliobaki hai ulimwenguni walikuwa ndani ya matangi ya vioo, New York na mji wa Toledo, jimboni Ohio.

Kufuga si kuokoa, ila huanzia hapo

Mtu anayesikia kisa hiki kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mara vyura walipofika Marekani kazi ilikwisha: unawaweka kwenye kioo, unawalisha, wanazaana. Haikuwa hivyo hata kidogo. Katika miaka ya mwanzo walikufa kwa wingi. Kati ya 499 walibaki pungufu ya 70, na bustani kadhaa zilizopewa sehemu ya vyura hao ziliwapoteza wote. Zilizofaulu ni mbili.

Walezi walilazimika kujifunza mnyama ambaye hakuna mtu aliyewahi kumfuga. Maji yaliyochujwa hadi yafanane na ya mtoni. Taa zenye mionzi kama ya jua, kwa kuwa chura asiyepata mionzi hiyo mifupa yake hudhoofika. Mashine za kunyunyiza zinazojiwasha zenyewe kwa saa maalumu. Chakula nacho kilikuwa mtihani, maana mdomo wa kichura kipya haupokei zaidi ya mdudu mdogo kuliko siafu, na wadudu hao lazima nao wafugwe chumba cha pili, wapewe madini, wahesabiwe siku za kukomaa. Mpaka mwaka 2010 vyura walikuwa maelfu. Ninapofikiria zuu, hii ndiyo sehemu ninayoiheshimu kuliko zote, na ndiyo umma usiyoiona: chumba cha nyuma chenye joto la kudhibitiwa, mtu mwenye buti ambazo hazitoki nje ya mlango ule, na daftari.

Daftari lenyewe linahitaji maelezo, kwa sababu kitaalamu ndilo moyo wa kazi nzima. Wanyama wachache wakizaana wao kwa wao kwa vizazi vingi, kasoro zilizojificha kwenye jeni huanza kukutana: watoto wanakufa mapema, kinga ya mwili inapungua, madume yanakuwa tasa. Wafugaji wetu wanalijua hili tangu zamani. Ndiyo maana dume la zizi hubadilishwa kabla halijawapanda mabinti zake. Bustani za wanyama hufanya hivyo hivyo, ila kwa dunia nzima. Kwa kila spishi inayosimamiwa kuna daftari la nasaba, na kila mnyama ameandikwa mama yake, baba yake na alikozaliwa. Dume la Berlin linaweza kusafirishwa hadi Chicago kwa sababu tu hesabu imeonyesha kwamba jike la huko halina undugu naye wa karibu. Farasi wa Przewalski, ambao siku hizi wanatembea tena Mongolia, wote ni kizazi cha farasi wasiofikia 15. Bila daftari wasingefika popote.

Hata daftari lina kikomo, na kuna jambo moja ambalo wapenzi wa bustani hizi hawalisemi kwa sauti. Kila kizazi kinachozaliwa ndani ya kioo huchujwa na kioo chenyewe. Wanaostahimili mwanga wa taa, mdudu wa kulishwa na utulivu usio na adui ndio wanaoacha watoto. Mtu hakusudii, lakini baada ya vizazi kumi una mnyama aliyeanza kuwa mnyama wa bustani. Kwa hiyo kadiri anavyokaa ndani salama, ndivyo kurudi kunavyozidi kuwa kugumu.

Bustani hiyo hiyo, mwaka 1906

Siwezi kuisifu Bronx nikaruka jambo hili. Septemba 1906, bustani hiyo hiyo iliyokuja kumwokoa chura wetu ilimweka kijana wa Kimbuti kutoka Kongo, Ota Benga, kwenye nyumba ya nyani, pamoja na orangutani, ili watu waje kumtazama. Maelfu walikuja. Wachungaji Weusi wa New York walipinga kwa nguvu hadi akatolewa. Ota Benga hakurudi tena Kongo. Alijiua mwaka 1916 huko Lynchburg, Virginia. Shirika linaloendesha bustani hiyo liliomba radhi hadharani mwaka 2020, miaka 114 baadaye.

Ninalitaja kwa sababu linafafanua chanzo cha chuki ambayo Waafrika wengi wanayo kwa neno zuu, hata wasipoweza kueleza imetoka wapi. Bustani za Ulaya na Marekani zilikua pamoja na ukoloni. Wanyama waliojaza vizimba vya Hamburg na London walikamatwa Afrika na Asia. Ili kumpata mtoto wa tembo au wa faru, mara nyingi mama aliuawa kwanza. Mnyama aliyekufa kizimbani alibadilishwa kwa mwingine, maana porini palionekana kama ghala lisiloisha. Hapakuwa na daftari la nasaba kwa kuwa hapakuwa na haja nalo.

Kilichobadilisha mambo ni kwamba ghala liliisha. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mikataba ya kimataifa ilibana biashara ya wanyama hai, na bustani zenyewe zikaona spishi zinapungua mbele ya macho yao. Zilianza kuzalisha badala ya kuagiza. Kazi ya uhifadhi ilizaliwa hapo, nusu kwa uchungu wa dhamiri na nusu kwa uhaba wa bidhaa. Kusema hivi hakufuti kazi iliyofanyika baadaye.

Choroa aliyerudi Oman

Wasomaji wa Muscat watakijua kisa hiki kuliko mimi. Choroa wa Arabuni, yule mweupe mwenye pembe ndefu ambaye Waarabu humwita maha, aliwindwa kwa magari na bunduki za kisasa hadi wa mwisho porini wakauawa mwaka 1972, katika jangwa la Jiddat al-Harasis. Lakini miaka kumi kabla, mwaka 1962, wahifadhi walikuwa wamekwishakamata wachache, wakawapitisha Kenya, hatimaye wakawapeleka Phoenix, Arizona, ambako hali ya hewa inafanana na kwao. Wakaongezewa wengine kutoka London, Kuwait na Saudi Arabia. Jumla ya waanzilishi: 9.

Kizazi chao kiliachiwa jangwani Oman mwaka 1982, na askari wao wakawa watu wa kabila la Harasis wenyewe, ambao baba zao waliwaona choroa wa zamani. Hadi mwaka 1996 choroa walikuwa zaidi ya 400. UNESCO ilikuwa imekwishaipa hifadhi yao hadhi ya urithi wa dunia mwaka 1994.

Halafu ujangili ukaanza upya, na sababu yake inaniuma kila ninapoisoma. Wezi hawakutaka nyama. Waliwakamata hai, hasa majike, ili wawauze kwa matajiri wenye bustani binafsi. Mnyama aliyeokolewa na bustani akaibwa kwa ajili ya bustani. Kufikia mwaka 2007 walibaki kama 65, Oman ikapunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90 kupisha utafutaji wa mafuta, na UNESCO ikaifuta hifadhi hiyo kwenye orodha yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa eneo lolote duniani kufutwa.

Hata hivyo choroa hawakuisha, kwa sababu Saudi Arabia, Israeli na Falme za Kiarabu nako walikuwa wamerudishwa, na mifugo ya akiba bado ilikuwepo. Mwaka 2011 spishi hiyo ilipandishwa hadi daraja la walio hatarini kwa kiwango cha chini zaidi, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa mnyama aliyekuwa ametoweka porini. Bustani iliweza kumrudisha choroa mara ya pili. Jangwa salama haikuweza kumrudishia.

Linganisha na faru weupe wa kaskazini. Kundi la mwisho la porini lilikuwa Garamba, Kongo, na lilimalizwa na majangili mwanzoni mwa karne hii. Bustani ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech, ilikuwa na wengine, akiwemo Sudan, dume lililokamatwa mwaka 1975. Lakini faru hao hawakuzaana vya kutosha. Mtoto wa mwisho, Fatu, alizaliwa mwaka 2000. Desemba 2009 faru wanne walihamishiwa Ol Pejeta, Laikipia, kwa matumaini kwamba nyasi na jua la Kenya vingewaamsha. Muda ulikuwa umepita. Suni, dume mwingine, alikufa mwaka 2014, na Sudan akafuata Machi 2018 akiwa na miaka 45. Wamebaki Najin na binti yake Fatu, na hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba. Tumaini lililosalia liko kwenye viinitete vilivyogandishwa, vilivyotengenezwa kwa mayai ya Fatu na mbegu za madume waliokwishakufa, ambavyo vinasubiri kupandikizwa kwa faru jike wa kusini. Akiba iliyoanza kuhesabiwa wakati ukoo umeshazeeka haina nguvu hata ikiwa na teknolojia gani.

Foleni ya kumwona simba

Nilipokuwa mtoto nilipanga foleni kwenye maonyesho ya biashara kumwona simba aliyeletwa kwenye tundu la chuma. Jua lilikuwa kali. Simba alilala akiwa amegeuza mgongo, na watu waligonga vyuma ili aamke. Ninachokumbuka ni harufu yake, na ukubwa wa mguu wake uliokuwa umepita katikati ya nondo. Baadaye nilijiuliza nilijifunza nini pale. Nilijua simba ni mkubwa. Sikujua kwa nini mfugaji wa jirani na hifadhi anaamka usiku na tochi, wala kwa nini simba wanapewa sumu kwenye mzoga wa ng'ombe.

Hapa ndipo dai la elimu linapohitaji kupimwa kwa uangalifu. Bustani nyingi husema zinaelimisha, na ushahidi wanaoutoa ni idadi ya waliolipa kiingilio. Kibao chenye jina la mnyama, uzito wake na chakula chake hakimfundishi mtoto kitu ambacho picha isingemfundisha. Mnyama aliye hai ana uwezo mmoja ambao picha haina: humfanya mtu asimame. Elimu ni kile anachoambiwa akiwa amesimama.

Entebbe wamelielewa hili mapema kuliko wengi. Kituo chao kilianza mwaka 1952 kupokea wanyama yatima, kikawa zuu ya kawaida, kisha miaka ya 1990 kikageuzwa rasmi kuwa kituo cha elimu ya wanyamapori. Wanyama wengi walioko pale wana kesi, na mwongozaji huanza na kesi. Kasuku wa kijivu walionaswa mikononi mwa wafanyabiashara haramu wamewahi kupitia huko, na sokwe yatima pia. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kila mtoto wa sokwe aliyeuzwa sokoni aliacha maiti za wakubwa zake msituni hatoki pale kama alivyoingia.

Mwanza kuna kisa kingine ninachokipenda. Kisiwa cha Saanane, kilichopewa jina la mzee mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi hapo, kilifanywa bustani ya kwanza ya wanyama ya Tanzania mwaka 1964. Baadhi ya wanyama walipumzishwa hapo kabla ya kupelekwa Rubondo. Baadaye kisiwa kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, dakika chache kwa boti kutoka mjini. Leo swala pala na pimbi wanazurura kwenye miamba, na watoto wa shule za Mwanza wanawaona bila kulipia safari ya Serengeti. Laiti kila jiji letu lingekuwa na mahali kama hapo.

Na kwa kuwa tumeitaja Rubondo: kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe 17 waliokuwa kwenye bustani na sarakasi za Ulaya waliachiwa katika kisiwa hicho. Wengi walizaliwa msituni Afrika Magharibi kabla ya kukamatwa. Hawakufundishwa chochote kabla ya kuachiwa. Baadhi walikuwa wakali kwa watu, na wawili walipigwa risasi. Waliobaki walijifunza msitu upya, wakazaa, na wajukuu zao wanakimbia wamwonapo mtu, kama inavyotakiwa. Aliyesimamia kazi hiyo ni Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, huyo huyo aliyehesabu nyumbu wa Serengeti kwa ndege pamoja na mwanawe Michael, aliyekufa katika ajali ya ndege hiyo mwaka 1959. Wote wamezikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Shirika alilolikuza bado linasaidia doria za Serengeti.

Kwa maoni yangu huu ndio mchango mkubwa wa bustani za wanyama kwa Afrika, na hauonekani kizimbani kabisa. Mtoto wa Frankfurt analipa kiingilio amwone simba aliyezaliwa Ujerumani ambaye hatarudi Afrika kamwe, na hana haja ya kurudi, kwa kuwa hajui kuwinda wala nasaba yake haihitajiki huku. Sehemu ya pesa ile inaweka mafuta kwenye gari la askari wa hifadhi. Bustani isiyotuma kitu porini, hata ikiwa safi na wanyama wake wamenenepa, ni mahali pa burudani, na ingejiita hivyo. Ukitaka kuipima iliyo karibu nawe, acha kuhesabu wanyama. Uliza mwaka huu imepeleka nini huko wanakotoka.

Safari ya kurudi

Mwaka 2010 vyura 100 walipanda tena ndege, safari hii kuja Dar es Salaam. Walifikia maabara maalumu ya Chuo Kikuu, ambako walezi wa Kitanzania walikuwa wamepewa mafunzo na wenzao wa Bronx na Toledo. Kuanzia mwaka 2012 makundi yaliachiwa korongoni, baada ya watafiti kuwaweka vyura kwanza pamoja na udongo na mimea kutoka huko ili kuona kama ugonjwa ungewapata. Haikuwahi kusikika kabla ya hapo kwamba amfibia aliyetangazwa kutoweka porini amerudishwa kwao.

Kurudi huko hakukuwa mwisho wa hadithi. Kuachia chura ni kazi ya asubuhi moja; kumfanya abaki, azae, na watoto wake wazae bila kuongezewa wengine kutoka maabara, ni kazi ya miongo. Kuvu hajang'olewa duniani. Bongo wa Mlima Kenya, aina ya swala wakubwa wa msituni, walifundisha somo la namna hiyo: 18 waliletwa kutoka bustani za Marekani mwaka 2004, na ilipita miaka 18 kabla ya wazao wao wa kwanza kuingizwa kwenye msitu wa Mawingu, nao umezungushiwa uzio.

Na kuna pengo moja linalonisumbua kuliko kuvu. Kwa miaka kadhaa, watoto wa Ohio waliweza kumwona chura wa Kihansi kupitia kioo, wakasoma kwenye kibao jina la mto wetu. Mtoto wa Mufindi au Kilombero hakumwona. Maabara ya Dar haiwezi kuwa mahali pa umati kupita, kwa sababu kila kiatu kinaweza kubeba kuvu, na korongo lenyewe si la kutembelewa ovyo. Lakini tangi moja la kioo, lenye chumba chake na maji yake, likiwekwa mahali ambapo mabasi ya shule yanafika, halishindi uwezo wa nchi iliyojenga bwawa. Wale waliocheka vijiweni mwaka 2000 hawakuwahi kuonyeshwa walichokuwa wakikicheka.

Korongoni, kazi iliyokuwa ya mto imebaki kwa mabomba. Maji ya Kihansi hubeba mchanga, na mchanga huziba nozeli, yaani vitundu vya kunyunyizia. Nozeli zikiziba, majani hukauka upande huo ndani ya muda mfupi, na chura wa sentimita 3 hana pa kuhamia. Kwa hiyo baada ya safari zote za ndege, taa za New York na madaftari ya Toledo, lazima awepo mtu wa kushuka kwenye miamba inayoteleza akiwa na spana, azibue bomba moja baada ya jingine, kisha kesho ashuke tena.